Ngazi Iitwayo Haiwezekani

Wiki hii tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya mirathi, lakini limezuka jambo nyumbani kwetu ambalo tumeona tulitangulize, maana twajua halikuzuka kwetu peke yetu.

Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, umbu letu, kitinda mimba wa mama yetu, alipiga hodi akiwa na kitu kwapani kilichofungwa kwa leso. Tulidhani ametuletea mkate wa sinia. Alipoifungua leso tukaona tarakilishi kuukuu, ile aliyoiacha mumewe alipokwenda kufanya kazi Ghuba, yenye ufa pembeni mwa kioo na herufi mbili tatu zilizofutika. Akaiweka juu ya jamvi mbele yetu, akasema: "Kaka, itafutie mnunuzi au ivunje. Mimi nimechoka."

Mambo yalikuwa haya. Umbu letu huuza leso na madera nyumbani kwake, na hesabu za biashara, nani kachukua nini kwa mkopo na amebakisha kiasi gani, zote zimo katika tarakilishi hiyo. Anayeziandika ni mwanawe, mpwa wetu, aliye kidato cha tatu, kwani mama mtu hakuwahi kuizoea mashine. Sasa kijana alikuwa amenaswa na mchezo. Kila usiku alilifungua daftari la duka kwa dakika tano, kisha akapaa angani, na huko hakushuka ila saa saba za usiku. Juma hilo mteja mmoja alidaiwa leso ambazo alikwisha kuzilipa. Akakasirika, na ana haki; na mitaa yetu ni midogo, neno lililosemwa Kibokoni hufika Kuze kabla ya chai kupoa.

Tulimwita kijana. Alikuja, akatuamkia kwa adabu, akaketi akiitazama tarakilishi kama mtu anayetazama mgonjwa wake. Tukamwuliza ana la kusema. Akajibu: "Mjomba, nataka niushinde mara moja tu. Nikishaushinda nitauacha."

Neno hili "mara moja tu" tumelisikia katika vinywa vya watu wengi kwa miaka mingi, wala hatukumbuki mmoja aliyelitimiza. Tukamwuliza ni nani huyo anayemshinda. "Ni kompyuta yenyewe, mjomba." Mara ngapi? Akainama. "Mara kumi na moja." Hapo, wasomaji wetu, hasira yetu ilipungua, kwa kuwa mtoto anayeshindwa mara kumi na moja na kurudi ya kumi na mbili hana uvivu, ana jambo lingine.

Tulimwomba umbu letu atupe majuma mawili. Tukaweka masharti. Kwanza, kijana aende na mamake kwa yule mteja, aombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Pili, hesabu za duka zitangulie, na mama azikague. Tatu, mchezo uchezwe mbele yetu, kuanzia baada ya Isha hadi saa nne, na mashine ilale kwetu kama amana. Nne, na hili umbu letu hakulitarajia, yeye pia aketi nasi. Alinung'unika, lakini usiku wa pili alikuja na kofia yake ya kushona.

Twajua baadhi ya wasomaji watataka kwanza hukumu ya michezo ya jinsi hii. Hilo lina siku yake. Kwa ufupi, mchezo wenyewe haukuwa na kamari wala picha za aibu. Vilivyokuwa vikiharibika pale ni usingizi wa mtoto, heshima ya mama na amana ya hesabu za watu.

Jina la mchezo ni Master of Orion. Ulitungwa na kampuni ndogo iitwayo Simtex, ya huko Texas, Marekani, chini ya mtunzi Steve Barcia, ukatolewa na MicroProse mwaka 1993. Kwa hiyo una umri mkubwa kuliko mchezaji wetu, na sababu ya kuuchezea ni moja tu: mashine ile haiwezi kubeba michezo mipya. Mwandishi wa Marekani Alan Emrich, alipokuwa akiueleza mwaka huohuo katika jarida la Computer Gaming World, alisema kazi za mchezaji ni nne: kuchunguza, kupanuka, kuchuma na kuangamiza. Katika Kiingereza maneno hayo yote manne yana sauti ya herufi X mwanzoni, na hadi leo michezo ya aina hii huitwa 4X duniani kote. Tulipomsikiliza mpwa wetu akieleza vita vyake kumi na moja, tuligundua kwamba alikuwa akiziruka kazi tatu za kwanza.

Mchezo huanza mwaka 2300. Unapewa sayari moja, vyombo viwili vya upelelezi na kimoja cha walowezi, na giza lote lililobaki ni la kulitafuta mwenyewe. Kila zamu ni mwaka mmoja. Yapo mataifa kumi ya kuchagua: wapo wenye umbo la ndege, la paka, la dubu, la mijusi, la wadudu, wapo watu wa mawe, wapo majasusi, na wapo wanazuoni waitwao Psilon ambao hugundua mambo kabla ya wenzao. Katika kila sayari mapato yako hugawanywa kwa mistari mitano unayoivuta huku na huku: vyombo, ulinzi, viwanda, mazingira na elimu. Ukiwapelekea watu sayari nyingine, kijana aliita makoloni. Tulilikataa neno hilo, sisi ambao wazee wetu walilionja, tukakubaliana tuyaite makao.

Usiku wa kwanza hatukusema kitu. Tulitazama. Kijana alichagua Bulrathi, wale wenye umbo la dubu, hodari wa vita vya ardhini. Viwanda vyake havijafika nusu, naye tayari anaunda vyombo vya vita. Akamvamia jirani, akatwaa sayari mbili, akatugeukia akitabasamu, na twakiri tulimpigia kofi moja. Lakini vyombo vya vita huliwa na wakati kama majahazi. Kila kimoja hulipiwa matunzo mwaka baada ya mwaka, na kinabaki vilevile kilivyoundwa hata elimu ikisonga mbele. Usiku wa tatu Psilon walikuja na silaha ambazo vyombo vyake havikuweza hata kuzikaribia.

Wala si silaha zilizommaliza. Galaksi ikishajaa wakaazi, hukutana Baraza Kuu, na baada ya hapo hukutana kila miaka 25. Wagombea ni wawili tu, wenye raia wengi zaidi, na kila taifa hupiga kura kwa kadiri ya watu wake. Anayepata theluthi mbili za kura zote hutawazwa na mchezo hukoma. Usiku ule wagombea walikuwa Psilon na Sakkra, wale mijusi. Mpwa wetu hakuwa hata mgombea. Psilon wakapita. Mchezo ukamwuliza kama anakubali uamuzi. Akakataa kwa ghadhabu, na anayekataa huandamwa na wote. Ikawa mara ya kumi na mbili.

Tukamwuliza: je, mashine hii ina akili kukushinda wewe? Akafikiri, akasema haina. Mchezo una ngazi tano. Nne za mwanzo huenda zikipanda hadi ngumu, na ya tano wameiita kwa jina la Haiwezekani. Katika ngazi hiyo wapinzani hawafikiri zaidi, wanaongezewa. Viwanda vyao hutoa zaidi ya vyako kwa jasho lilelile, kwa sababu ndivyo walivyoandikiwa.

Jambo hili lilitushughulisha usiku mzima. Sisi tumekulia barazani penye bao, na katika bao kila mtu ana kete zake 32, sawa kwa sawa. Akikufunga, akili yake imekufunga. Hata ile mashine ya Deep Blue iliyomshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997, vipande vyake vilikuwa sawa na vya Kasparov, nayo ikashinda kwa kuhesabu. Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu iitwayo AlphaStar, iliyojifunza mchezo mwingine wa vita vya angani, StarCraft II, hadi ikafikia daraja la juu kabisa la wachezaji binadamu. Hiyo ilijifunza. Lakini hii ya mpwa wetu haijajifunza chochote tangu siku ilipoandikwa. Nguvu yake yote ni kuongezewa. Na mwenye kuongezewa ukishindana naye kwa kile anachoongezewa, kiwanda kwa kiwanda na chombo kwa chombo, umekwisha kushindwa kabla ya mwaka 2301. Mtu hana budi kumtafuta mahali ambapo nyongeza yake haimfai.

Tulimwambia hivyo siku ya pili. Alinyamaza. Umbu letu ndiye aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwenye kofia: "Kwani huko hakuna binadamu?"

"Wapo, mama. Lakini hawana kitu vitani. Wao ni biashara na maneno tu."

"Biashara na maneno ndiyo yaliyokulea," akajibu mama mtu, na sindano haikusimama.

Basi tukachagua binadamu, na wapinzani wanne: Psilon, Klackon wale wadudu wachapakazi, Sakkra, na Mrrshan wenye umbo la paka.

Miaka arobaini ya mwanzo ya mchezo ilikuwa adhabu kwa kijana. Hakuna vita, hakuna moshi. Tulitia karibu kila kitu katika viwanda hadi vikafika kikomo cha watu wa kuviendesha, kwa kuwa mwanzoni mtu mmoja huendesha viwanda viwili tu, na cha tatu humkalia bure. Taka za viwanda husafishwa kila mwaka, ama sivyo huwapunguza wakaazi; wenzetu wa Owino Uhuru hapa Mombasa hawahitaji mchezo kuwafunza hilo. Kisha tukagundua jambo ambalo kijana hakuwa amelitilia maanani katika vita vyake kumi na viwili: watu huongezeka kwa kasi sayari ikiwa imejaa nusu, na inapokaribia kujaa huzaana polepole. Kwa hiyo kila sayari yetu kuu ilipofurika tulitoa watu tukawapeleka makao mapya, na kote kuwili wakaongezeka. Hili si kubwa kulisema, lakini ndilo lililotupa kura zetu baadaye, kwa maana kura ni watu.

Elimu ina milango sita, na kijana alikuwa akipiga mmoja tu, wa silaha. Mama akamwambia asiweke mtaji wote katika leso za rangi moja. Tukaigawa. Tukatilia mkazo elimu ya kukaa katika sayari kame ambazo wengine wamezipita. Na tukaona kwamba fedha za elimu zikitiwa kidogo kidogo kila mwaka bila kukatizwa, mchezo huziongezea, kuliko zikitiwa kwa mkupuo. Kijana akataka kuiita nyongeza hiyo riba. Tulimkataza.

Mapatano ya biashara ndiyo yaliyotuonyesha umbu letu ni nani. Katika mchezo huu ukipatana na taifa jingine kufanya biashara, miaka ya kwanza hesabu huonyesha hasara. Mpwa wetu alikuwa na mazoea ya kuitazama hasara hiyo kwa miaka mitatu minne, kisha akayavunja mapatano. Alipotaka kuyavunja ya Klackon, mamake aliiweka kofia chini kwa mara ya kwanza. "Niambie," akasema, "mteja mpya wa Likoni mwaka wa kwanza ananipa nini? Nauli inatoka kwangu, leso ya mfano inatoka kwangu, na deni lake nalingoja. Nimvunje?" Kijana akayaacha. Baada ya miaka kumi na kitu ya mchezo hasara ikageuka faida, na faida hiyo haikutushinda kuitumia. Zaidi ya hayo, wafanyao biashara nawe huanza kukupenda, na kule angani mapenzi yana hesabu yake kamili.

Mwaka 2391 Mrrshan walitushambulia bila neno, wakalitwaa moja katika makao yetu machanga. Twaomba wasomaji wasicheke tukisema kwamba chumba kizima kilinyamaza. Ni nukta tu katika kioo chenye ufa. Lakini tulikuwa tumewapeleka watu wale wenyewe, na tulikumbuka mwaka tuliowapeleka.

Mkono wa kijana ulikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa vyombo. Tukamwambia angoje. "Mjomba, wamewaua watu wetu!" Sauti yake ilikuwa ya juu kuliko ilivyopasa kwa mkubwa wake, nasi tuliiacha ipite. Tukamwuliza swali moja: fedha za kuunda kikosi cha kulipiza kisasi zingejenga vituo vingapi vya makombora? Akachukua karatasi ya duka, akahesabu nyuma yake. Vituo vya makombora, kinyume na vyombo, hujisasisha vyenyewe kila elimu inapoongezeka. Kikosi kingetosha kurudisha makao yale, pengine, na kutuacha wazi mbele ya Psilon. Vituo vingetosha kuyalinda makao mengine matatu yaliyo mpakani, na lile lililokwenda likabaki limekwenda.

Alifunga mashine kabla ya saa nne, akaenda zake bila kutuaga. Mamake akatutazama, nasi hatukuwa na la kumwambia. Usiku wa pili alikuja amenyamaza, akafanya hesabu za duka, akazionyesha kwa mamake, akaufungua mchezo na kujenga vituo vya makombora mpakani, mahali patatu. Hakuunda chombo hata kimoja. Mrrshan walirudi na kikosi kikubwa kuliko cha kwanza. Wakayakuta makombora, wakapoteza karibu nusu ya vyombo, wakageuza. Wakarudi tena, wakageuza tena. Nyongeza yote ile waliyoandikiwa ikawa inamwagika mbele ya kuta zetu, mwaka baada ya mwaka, wala mashine haikujiuliza kwa nini.

Hapa yatupasa kukiri jambo letu. Mashine ilikuwa kwetu kama amana. Usiku wa Jumamosi usingizi ulitupaa, tukaamka, tukasema tutazame mwaka mmoja tu. Mara moja tu! Katika mchezo ule ipo nyota iitwayo Orion, yenye hazina ya elimu ya watu wa kale, nayo inalindwa na chombo kimoja kikubwa mno kiitwacho Mlinzi. Kijana alikuwa ametuambia asiyejiandaa asiende. Sisi tulikusanya vyombo vyote vichache vya ulinzi tulivyokuwa navyo, tukavituma. Havikurudi. Tukaendelea kubonyeza tukitafuta namna ya kuficha hasara ile, na tulipoinua kichwa ilikuwa imepita saa nane. Alfajiri ile ilikuwa zamu yetu kuswalisha. Mwadhini alimtuma mtoto aje atugongee, na mwingine alikuwa amekwisha kutangulia mbele.

Habari ilimfikia mpwa wetu kupitia watoto wa madrasa kabla hatujaonana naye. Jioni tulimwambia mbele ya mamake kwamba tumekosa: tumechezea amana, na tumemwendesha mwenzetu msikitini kwa upuuzi. Kisha tukamwonyesha mahali vyombo vilipokuwa. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza: "Mjomba, uliona raha?" Tukasema tuliona. Akacheka, na ndipo aliposema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mamake. Mchezo ule uliwekwa ndani ya mashine na babake. Alikuwa akiuchezea tangu ujana, kabla ya ndoa, na usiku wa mwisho kabla ya safari ya Ghuba aliketi na mwanawe akamwonyesha namna ya kuuanza, akamwambia kwamba ngazi ya mwisho hakuna aishindaye. Umbu letu alishona mishono kadhaa kisha akaifumua, kwa kuwa alikuwa ameikosea.

Tungeweza kuurudisha mchezo pale tulipouharibu, kwani mashine huhifadhi. Kijana alikataa. Akasema tuendelee hivyohivyo.

Baraza Kuu lilipokutana mara ya kwanza, kura zote zilikuwa 42, na theluthi mbili ni 28. Wagombea: Psilon na sisi. Sisi tulikuwa na kura 16, wao 14. Mrrshan walikuwa na 3, wakawapa Psilon. Klackon walikuwa na 5, wakatupa sisi. Sakkra, wenye 4, hawakumchagua yeyote. Tukapata 21 na wao 17, hakuna aliyeshinda. Kijana alisikitika; sisi tulifurahi, kwa maana alikuwa hajaona kilichokuwa wazi kwenye karatasi: tukiwa na zaidi ya theluthi moja ya kura mikononi mwetu, hakuna wa kututawala, hata wote waungane. Tulikuwa na miaka 25 ya amani ya moyo.

Miaka hiyo 25 ndiyo iliyokuwa mchezo wenyewe. Tulijaza sayari zetu hadi pomoni. Tukawapa Klackon elimu mbili bila kudai kitu. Kwa Sakkra ilikuwa vigumu zaidi; kiongozi wao alikuwa mwenye kugeukageuka, leo rafiki kesho haijulikani. Mpwa wetu akatazama nani anapigana na nani, akaona Sakkra wana vita na Mrrshan. Sasa, akasema, sasa ndipo pa kuwarudia Mrrshan. Hapo aliunda kikosi. Aliyarudisha makao yetu yaliyotwaliwa, akasimama hapo, hakuendelea mbele. Sakkra wakapendezwa kwamba adui wao amepigwa. Tulimwuliza kama alifanya kwa ajili ya kisasi au kwa ajili ya kura. Akasema kwa ajili ya vyote viwili, mjomba, na tuliona amesema kweli.

Baraza la pili lilikutana usiku wa Alhamisi, dakika chache kabla ya saa nne. Kura zote 51. Theluthi mbili ni 34. Sisi 22, Psilon 12. Mrrshan 5, wakawapa Psilon. Klackon 7, kwetu: 29. Zikabaki kura 5 za Sakkra, na kijana alikuwa amekwisha kuijua hesabu, maana mdomo wake ulikuwa mkavu. Umbu letu alisimama nyuma yetu na kofia mkononi, asiyeijua mashine, akiisoma karatasi.

Sakkra wakatupa.

Hakupiga kelele. Alikaa akikitazama kioo mpaka picha za ushindi zikaisha zenyewe, kisha akapangusa uso kwa kipande cha shati. Mamake alimwekea mkono begani kwa muda, akauondoa, akasema: "Haya. Sasa nifungulie daftari, yule wa Likoni ameleta pesa."

Tulimpigia babake simu siku ya Ijumaa, tukampelekea na picha ya kioo. Alidhani tunamtania. Alipoamini, alinyamaza, kisha akauliza taifa gani tulilochagua. Umbu letu akainyakua simu mkononi mwetu.